Mbwa wa Kongo au mbwa wa tuta: yupi afugwe?

Mzee mmoja alinisimamisha njiani nilipokuwa natoka kuangalia mihogo. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaanza moja kwa moja.

"Bwana Shamba, nina shauri. Kijana wangu ni dereva huko mjini. Tajiri yake ana mbwa wa aina mbili, na majike yote mawili yamezaa. Amemwambia kijana achague mtoto mmoja, atampa bure. Mmoja ni mbwa wa Kongo. Mwingine ni yule mbwa mkubwa mwekundu mwenye mstari mgongoni. Wote ni mbwa wa kuwinda. Sasa nichukue yupi?"

Nilimjibu kuwa mbwa wa bure hayupo. Alicheka. Lakini mimi sikuwa natania. Nilimwomba anipe siku chache, kisha Jumapili nikaenda kwake. Huwezi kumchagulia mtu mbwa kabla hujaona zizi lake, ghala lake na watoto wake.

Nyumba ya mzee iko mwisho wa kijiji. Ukivuka shamba lake la mahindi unaingia porini. Ana mbuzi 11. Walikuwa 14, lakini fisi amechukua watatu katika mwaka mmoja. Mchana nyani na ngedere hushuka kula mahindi. Mama mwenye nyumba ana kuku. Yuko kijana wa darasa la sita, na yuko mjukuu wa miaka mitatu ambaye hakai mahali pamoja. Mbwa wao wa zamani aliingia porini peke yake, akanaswa na mtego wa waya, akafa.

Niseme ukweli, mimi nilisomea mimea. Mbwa nawajua kwa sababu nimewafuga tangu utoto. Tena Bwana Mifugo wetu ana vijiji vingi, kwa hiyo maswali yake mengi huniangukia mimi. Tulikaa chini ya mwembe, mzee, mama na mimi, tukawazungumza mbwa hawa wawili mmoja mmoja.

Mbwa wa Kongo

Jina lake linalojulikana duniani ni Basenji. Ukilisikiliza vizuri jina hilo, utaona kuwa ni ndugu wa neno letu "washenzi". Huko Kongo watu walisema kwa Kilingala kuwa huyu ni mbwa wa basenji, yaani mbwa wa watu wa porini. Nasi huku humwita mbwa wa kijijini "mbwa shenzi". Leo mbwa huyo wa "washenzi" anauzwa Ulaya na Marekani kwa fedha nyingi. Ana hata karatasi za kuonyesha baba yake na babu yake ni nani.

Nilipomwambia mzee hayo, alimtazama mbwa wa jirani aliyekuwa amelala kivulini. Akasema, "Basi hata huyu ni mwungwana."

Hakukosea sana. Mbwa wa Kongo hakutengenezwa na Wazungu. Ni mbwa wa vijijini wa Afrika ya Kati, aliyeishi na wawindaji tangu zamani. Ni mdogo. Dume husimama kiasi cha sentimita 43 kutoka chini hadi begani, na uzito wake ni kilo 11 hivi. Jike ni mdogo zaidi kidogo. Masikio yake husimama. Mkia wake hujikunja juu ya mgongo kama kata ya kubebea mtungi. Paji la uso lina makunyanzi, kama mtu anayefikiri deni. Ni msafi. Hujilamba kama paka.

Jambo kubwa juu yake ni kwamba habweki kama mbwa wengine. Si bubu. Hulia, huunguruma, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu anayeimba bila maneno. Lakini ile "hou, hou, hou" ya mbwa wetu usiku, yeye hana.

Katika msitu wa Ituri, huko Kongo, Wambuti huwinda kwa nyavu. Watu hufunga nyavu katika miti na kufanya duara kubwa. Wengine huingia ndani ya duara wakipiga kelele ili wanyama wakimbilie kwenye nyavu. Mbwa husaidia kuwafukuza wanyama vichakani. Kwa sababu mbwa habweki, wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni. Wakisikia kengele, wanajua mbwa yuko wapi katika ule msitu mzito.

Sasa fikiri juu ya mbwa huyo. Kazi yake ni kukimbia msituni, kutafuta mwenyewe, na kuamua mwenyewe wakati mwenye mbwa haonekani. Ndiyo maana ana akili nyingi na utii kidogo. Ukimwita akiwa amekwisha kumwona panya buku, hakusikii. Si kwamba ana kiburi. Anafanya kazi aliyozaliwa nayo. Katika majani marefu huruka juu ili aone mbele. Uzio mfupi huupanda. Kuku akikimbia mbele yake, kwake huyo ni windo.

Jike la mbwa wa Kongo kwa kawaida hupata joto mara moja kwa mwaka. Majike ya mbwa wengi hupata mara mbili. Huzaa watoto wanne hadi sita. Kwa mtu asiyetaka mbwa wengi nyumbani, hilo ni jambo jema.

Ana ugonjwa mmoja wa ukoo. Ni ugonjwa wa mafigo. Mbwa mwenye ugonjwa huo hunywa maji mengi mno, hukojoa mno, na hukonda ingawa anakula. Mara nyingi huanza mbwa akiwa mtu mzima, wa miaka minne na kuendelea. Huwezi kuuona kwa mtoto wa mbwa. Nchi za nje kuna kipimo cha damu au mate kinachoonyesha kama mbwa amerithi ugonjwa huo. Kwa hiyo nilimwambia mzee amtume kijana wake amwulize tajiri: wazazi wa mbwa hawa wamepimwa?

Mbwa wa tuta

Mbwa wa pili jina lake ni Rijibaki, maana yake ni mgongo wenye tuta. Mkulima hawezi kulisahau jina hilo. Mgongoni mwake kuna mstari wa manyoya yanayoelekea mbele, wakati manyoya mengine yote yanaelekea nyuma. Mstari huo huinuka kidogo, kama tuta la viazi katikati ya shamba.

Tuta hilo lilitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi, wafugaji wa zamani wa kusini mwa Afrika. Wazungu walipofika huko na mbwa wao wakubwa, mbwa hao wakachanganyika. Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alipeleka mbwa wawili kwenye misheni ya Hope Fountain, karibu na Bulawayo, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Mwindaji Cornelius van Rooyen akawazalisha na mbwa wake. Mwaka 1922, huko Bulawayo, wafugaji walikutana wakaandika mbwa huyo awe na umbo gani. Wakati huo nchi iliitwa Rodesia, na mpaka leo jina la Rodesia limebaki katika jina kamili la mbwa huyo.

Watu husema mbwa huyu anaua simba. Si kweli. Hakuna mbwa wa kushindana na simba. Kazi yao ilikuwa kumkuta simba, kumzunguka, kumbwekea, kumkwepa, na kumfanya asimame mpaka mwindaji afike na bunduki. Ni kazi ya wepesi na moyo, siyo kazi ya meno tu.

Dume la mbwa wa tuta husimama sentimita 63 hadi 69 begani, na uzito wake ni kilo 36 hivi. Jike ni kilo 32. Yaani mbwa mmoja wa tuta ni sawa na mbwa watatu wa Kongo katika mizani. Rangi yake ni ya ngano mbivu au nyekundu kama udongo. Akiwa mtu mzima ni mtulivu nyumbani. Habweki ovyo, lakini akibweka ujue kuna jambo. Wageni hawapendi upesi. Watu wa nyumbani anawapenda sana.

Lakini utulivu huo huja baadaye. Mtoto wake huchukua kiasi cha mwaka mmoja na nusu hadi miwili kukomaa. Katika miaka hiyo una mtoto mwenye mwili wa mtu mzima. Huchimba. Hutafuna viatu, mikeka na mpini wa jembe. Akimkimbilia mtoto mdogo kwa furaha, mtoto huanguka. Na ukimpiga sana haelewi. Mbwa huyu akipigwa huwa mwoga au mkali, na hayo yote mawili ni hatari.

Naye ana kasoro ya ukoo. Watoto wengine huzaliwa na tundu jembamba katika ngozi, shingoni au mgongoni. Tundu hilo huingia ndani kuelekea uti wa mgongo. Baadaye hutunga usaha. Ukitaka kulijua, shika ngozi ya mtoto wa mbwa kwa vidole viwili, uivute juu taratibu, uanze shingoni mpaka mkiani. Ukihisi kitu kama uzi kimeshikilia ngozi kwa chini, usimchukue.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema. Mwaka 2007 wataalamu waligundua kuwa tuta la manyoya na lile tundu vina uhusiano katika urithi. Watoto wengine wa mbwa hawa huzaliwa bila tuta, na hao ni mara chache sana kupata tundu. Zamani wafugaji waliwaua watoto wasio na tuta kwa kuwaona wameharibika. Lakini hukimbia vilevile, hubweka vilevile na hulinda vilevile. Kwa mwenye mbuzi, tuta ni pambo. Kama tajiri ana mtoto asiye na tuta, nilimwambia mzee, huyo huyo mchukue.

Mzee alimtaka nani

Mzee alisikiliza yote hayo, kisha akasema anamtaka mbwa wa Kongo.

Nikamwuliza, "Mzee, fisi anakuja usiku. Mbwa asiyebweka atakuamshaje?"

Akakohoa. Akatazama upande wa porini. Mama akacheka, akasema, "Mwambie ukweli Bwana Shamba. Unataka mbwa asiyesikika."

Basi nikaelewa. Mbwa asiyebweka, mwepesi, anayefukuza digidigi kimya kimya. Mzee alikuwa anafikiria kitoweo.

Mimi si askari wa wanyamapori, nami sikwenda pale kumkamata mtu. Lakini nilimwambia wazi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda bila kibali. Digidigi mmoja anaweza kumpeleka mtu mahakamani, na mbuzi wote 11 wasitoshe kulipa. Wambuti wanawinda katika msitu wao na kwa desturi yao. Sisi hatuko huko.

Tena mbwa aendaye porini peke yake hupeleka magonjwa na huleta magonjwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliingia Serengeti. Huo ni ugonjwa wa mbwa. Uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa wa vijiji vya jirani ndio waliotajwa kuwa chanzo. Distempa hiyo hiyo iliwaua mbwa wa Kongo wa kwanza waliopelekwa Uingereza mwaka 1895. Walionyeshwa kwa watu, wakaugua, wakafa. Mpaka mwaka 1937 ndipo wengine walionyeshwa huko wakaweza kuishi na kuzaa. Siku hizi kuna chanjo ya distempa, na mbwa wa kijijini anaweza kuipata kama mbwa wa tajiri.

Mzee akanyamaza. Baadaye akasema, "Haya, tuseme siwindi." Mama akasema, "Tuseme."

Nitaongeza jambo moja hapa. Hata asiyewinda, akichukua mbwa wa kuwinda, amechukua miguu ya kuwinda. Mbwa hawa wote wawili wana nguvu nyingi. Wanataka kukimbia kila siku, asubuhi na jioni, jua kali au manyunyu. Mbwa wa namna hii akifungwa mnyororo toka asubuhi hadi usiku, huharibika. Hulia, huzunguka mahali pamoja, hukasirika, na siku akikatika huuma wa kwanza anayempata. Nimeona mbwa wengi wakali vijijini, na wengi hawakuzaliwa wakali. Walifungwa.

Kwa bahati nzuri mzee ana mbuzi, na mbuzi wanahitaji kupelekwa malishoni. Mbwa akienda na mchungaji asubuhi na kurudi jioni, miguu yake imepata kazi. Lakini lazima afundishwe tangu mdogo kukaa na mbuzi na kuku. Afungwe kamba fupi karibu na kuku wanapokula, akitulia asifiwe, akiruka azuiwe. Mbwa wa tuta hujifunza hivyo, polepole. Mbwa wa Kongo naye hujifunza, lakini mimi nisingemwacha na vifaranga.

Hesabu ya mama

Mama ndiye aliyeuliza swali ambalo mzee hakuwa ameliuliza. "Anakula nini, na kiasi gani?"

Tulipiga hesabu kwa unga, kwa sababu unga ndio tunaoujua. Haya ni makadirio. Mbwa wa kilo 10 au 11 anahitaji nguvu ya chakula sawa na robo kilo kasoro ya unga kwa siku. Tuseme gramu 200. Kwa mwezi ni kilo 6. Kwa mwaka ni kilo 73. Mbwa wa tuta anahitaji kiasi cha nusu kilo kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 15. Kwa mwaka ni kilo 182. Gunia letu ni la kilo 100. Mbwa wa Kongo hamalizi gunia moja. Mbwa wa tuta anakaribia kumaliza magunia mawili.

Mama alitazama ghala. Mwaka huu mvua ilikatika mapema.

Tena mbwa haishi kwa ugali mtupu. Mbwa anayekua lazima apate dagaa, damu, maziwa yaliyoganda, au mabaki ya nyama yaliyopikwa. Makombo ya nyumbani yatapunguza ile hesabu ya unga, lakini nyumba yenye watu sita haibakizi makombo mengi. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika kama sindano na kumchoma tumboni. Wala usimpe matumbo, ini au mapafu mabichi ya mbuzi aliyechinjwa. Humo mna mabuu ya tegu. Mbwa akila anapata tegu. Mayai ya tegu hutoka katika kinyesi chake, hushika manyoya na mikono ya watoto. Mtu akiyameza, uvimbe mkubwa wa maji hukua ndani ya ini au mapafu yake kwa miaka. Chemsha kwanza, au fukia. Na mbwa apewe dawa ya minyoo kama Bwana Mifugo atakavyoeleza.

Baada ya hesabu hiyo nilidhani mama atamchagua mbwa mdogo. Mimi mwenyewe ningeanza na mbwa wa kienyeji. Anabweka, anakula kidogo, amezoea kupe na jua letu. Nilisema hivyo. Mama akasema mbwa wa kienyeji walikuwa naye, wakampenda, lakini fisi alipokuja alibweka akiwa chini ya uvungu wa kitanda.

Kisha mama akapiga hesabu yake mwenyewe. "Magunia mawili ya mahindi ni kitu. Lakini mbuzi watatu ni kitu kikubwa zaidi. Tukipoteza wengine watatu mwaka huu, mtoto wa darasa la sita hataendelea na sekondari. Sare, madaftari, nauli, yote yako kwenye wale mbuzi."

Mzee akamtazama kijana. Kijana akajifanya anatazama kuku.

Lakini fisi je?

Hapo nilipaswa kuwazuia wote wawili. Fisi mkubwa hufika kilo 60 na zaidi. Taya lake huvunja mfupa wa ng'ombe. Mbwa wa tuta wa kilo 36, peke yake usiku, akishikana na fisi atauawa. Na nyani dume ana meno marefu kuliko ya mbwa. Ukimtuma mbwa mmoja kwenye kundi la nyani, utamrudisha amechanika. Mbwa husaidia watu kufukuza nyani. Hawafukuzi badala ya watu.

Ulinzi wa kwanza wa mbuzi ni zizi. Tulikwenda kuliangalia. Lilikuwa la miti iliyokaa mbalimbali, na upande mmoja ilikuwa imeliwa na mchwa. Mlango ulikuwa fito mbili. Mimi mwenyewe ningeingia bila kuinama sana. Fisi hakuwa mwerevu, ni zizi lililomkaribisha. Nilimwambia mzee apange miti karibu karibu, aizungushie miiba minene kwa nje, mashina ya miiba yaelekee ndani ili fisi asiweze kuyavuta kwa mdomo. Chini aweke mawe ili asichimbe. Mlango uwe wa mbao au miti iliyofungwa pamoja, usiwe na nafasi. Na zizi lisogezwe karibu na nyumba. Lilikuwa mbali kwa sababu ya harufu.

Zizi likiwa hivyo, kazi ya mbwa ni moja tu usiku: kubweka mapema, kwa sauti nzito, mpaka watu watoke na tochi. Kwa kazi hiyo mbwa wa Kongo hafai hata kidogo. Mbwa wa tuta anafaa, kwa sharti kwamba alale karibu na zizi na watu waamke. Mtu anayegeuka upande wa pili mbwa akibweka, afadhali asifuge.

Kwa mwenye nyumba mjini, asiye na mbuzi, ambaye jirani zake hawataki kelele na ana muda wa kutembea na mbwa kila siku, ningesema kinyume. Mbwa wa Kongo angemfaa. Hanuki, hapigi kelele, anakula kidogo. Lakini aweke uzio mrefu.

Mjukuu na meno

Jambo la mwisho tulilozungumza lilikuwa mjukuu. Mbwa wa tuta hupenda watoto wa nyumba aliyokulia. Hata hivyo mtoto wa miaka mitatu asiachwe peke yake na mbwa yeyote, wa aina yoyote. Mtoto huvuta mkia. Huchukua mfupa. Hulala juu ya mbwa aliyelala. Mbwa hana mkono wa kumsukuma, ana meno. Mjukuu afundishwe kuwa mbwa anayekula haguswi. Na mbwa alishwe na mtu mmoja, saa moja, mahali pamoja. Kijana wa darasa la sita aliikubali kazi hiyo.

Na kuna kichaa cha mbwa. Hapa sikucheka wala mzee hakucheka, maana kila mtu katika kijiji chetu anamjua mtu aliyemzika mtoto kwa ugonjwa huo. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa. Lakini unazuilika. Mtoto wa mbwa achanjwe anapofika miezi mitatu, kisha arudiwe kila mwaka. Usiruke mwaka kwa kusema mbwa yuko salama, haonekani mgonjwa.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata mbwa wa nyumbani, hata kidonda kidogo, osha kidonda hapo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni. Endelea kwa dakika 15. Usipake tope, mafuta wala majani. Usikifunge kwa nguvu. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya mtu si sindano moja. Ni lazima arudi kila siku atakayoambiwa mpaka amalize, hata kama kidonda kimepona. Mbwa aliyeuma asiuawe haraka, kama anaweza kufungwa bila kumwuma mtu mwingine. Afungwe, aangaliwe siku 10, na Bwana Mifugo aitwe. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayedondosha mate, anayeuma miti na mawe, au asiyeweza kumeza, msimkaribie.

Mzee aliuliza kama mbwa wa tajiri, mwenye ukoo, anaweza kupata kichaa. Anapata. Kichaa hakisomi karatasi za ukoo.

Waliamua kumchukua mbwa wa tuta, jike. Mama ndiye aliyetaka jike, kwa sababu ni dogo kidogo na linakula kidogo. Mzee atauza beberu mmoja kununua mahindi ya akiba. Kijana wa mjini ameagizwa apapase migongo ya watoto wote, asimchukue yeyote kabla hajatimiza majuma manane kwa mama yake, na amwulize Bwana Mifugo wa huko kuhusu kibali cha kumsafirisha. Tajiri amesema katika watoto hao mmoja hana tuta, na alikuwa anaona haya kumtoa. Amefurahi kusikia ana mtu wa kumchukua.

Nilipita tena juma lililopita. Zizi limejengwa upya, karibu na jiko. Harufu ipo, lakini wamezoea. Mama, aliyejifunza kusoma katika darasa la watu wazima, ameandika kwa mkaa kwenye mlango wa ghala tarehe ambayo mbwa atatimiza miezi mitatu. Chini yake ameandika tarehe hiyo hiyo ya mwaka unaofuata. Mzee alinionyesha maandishi hayo kabla hata hajanikaribisha kiti. Mbwa mwenyewe atafika mwisho wa mwezi huu. Jina bado hawajakubaliana.